Kondoo Mweusi Ana Kosa Gani? Nahau za Wanyama za Kiingereza na Tatizo la Tafsiri Sisisi: Mtazamo Kutoka Pwani ya Kusini ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tatizo linalowakabili wanafunzi, walimu na wafasiri wa Kiswahili wanapokutana na nahau za Kiingereza zinazojengwa kwa majina ya wanyama. Hoja yetu ni kwamba mnyama katika nahau hafanyi kazi ya jina tu, bali hubeba maarifa ya jamii inayoishi naye. Kwa hiyo anapovushwa peke yake hadi lugha nyingine, maarifa yale hubaki nyuma na nahau huwa kigae kisicho na chungu. Mifano imechanganuliwa kwa kurejelea mazingira ya Kwale, hususan Diani, Gazi na Msambweni, ambako bahari, msitu na ua wa nyumba vimeipa lugha hazina yake ya wanyama. Mwishoni tunapendekeza maswali matatu ambayo mfasiri na mwalimu wanaweza kujiuliza kabla ya kuvusha nahau, au kabla ya kukosoa nahau iliyovushwa na mwanafunzi.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, mwandishi wa makala haya alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili iliyo kati ya Gazi na Msambweni. Katika zoezi la tafsiri, wanafunzi walipewa sentensi kumi za Kiingereza zenye nahau. Mojawapo ilimhusu kijana ambaye, kwa maneno ya Kiingereza, alikuwa "kondoo mweusi wa familia". Mwongozo wa kusahihishia ulitaka jibu hilohilo: kondoo mweusi. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, aliandika, "Yeye ndiye samaki aliyeoza katika familia yao." Nilimkosoa kwa kalamu nyekundu na kumnyima alama zote mbili.

Baada ya kipindi alinifuata akiwa na daftari mkononi. Hakubishana. Aliuliza tu, "Samahani, mwalimu, huyo kondoo mweusi ana kosa gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeikariri nahau ile tangu shule ya msingi, nikajua maana yake, nikaitumia katika insha, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini kondoo alaumiwe kwa rangi yake. Mtoto yule hakuwa ameshindwa kutafsiri. Alikuwa ametafsiri, nami ndiye niliyekuwa nikidai anakili. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lake, kwa kuchelewa, na kwa njia inayoweza kumfaa mwalimu mwingine atakayeshika kalamu nyekundu kesho.

Swali lenyewe si dogo kama linavyoonekana. Mwanafunzi wa Kenya husoma masomo mengi kwa Kiingereza, naye huletewa nahau za Kiingereza na vitabu, magazeti, redio na runinga. Mwanahabari wa Kiswahili naye mara nyingi hupokea habari yake ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, na muda wa kuifikiria ni mfupi. Ndiyo maana tunasikia ndovu weupe, farasi weusi na mbio za panya katika Kiswahili kinachodaiwa kuwa sanifu. Tusipouliza maswali, huenda kizazi kijacho kikaijua misemo hiyo na kisiijue ile iliyozaliwa ufukoni na shambani mwa wazazi wao.

2.0 Istilahi na Mkabala

Kwa nahau tunamaanisha fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda. Anayesema kwamba fulani "amemwaga mtama" hazungumzii nafaka. Methali ni kauli kamili inayobeba hekima au onyo, na tashbihi hulinganisha kwa viunganishi kama vile "kama" na "mithili ya". Mipaka ya tanzu hizi huingiliana. Methali ndefu hukatwa ikawa nahau, na tashbihi ikizoeleka hupoteza kiunganishi chake. K. W. Wamitila amezikusanya tanzu hizi katika kamusi mbili tofauti, ile ya misemo na nahau ya mwaka 1999 na ile ya methali ya mwaka 2001, lakini msomaji makini ataona kwamba baadhi ya semi zinaweza kukaa katika kamusi zote mbili. Kwa sababu hiyo, makala haya yatazitazama kwa pamoja palipo na haja.

Kuhusu tafsiri, tumeongozwa na wataalamu wawili. Wa kwanza ni Eugene Nida, ambaye mwaka 1964 alitofautisha usawe wa kimuundo, unaofuata umbo la matini chasili, na usawe wa kiathari, unaokusudia msomaji wa lugha lengwa aguswe kama alivyoguswa msomaji wa kwanza. Wa pili ni Mona Baker, ambaye mwaka 1992 alieleza njia kuu za kuvusha nahau: kutafuta nahau yenye maana na umbo sawa, kutafuta yenye maana sawa kwa umbo tofauti, kufafanua kwa maneno ya kawaida, au kuiacha kabisa. Tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, haimo katika njia hizo isipokuwa pale ambapo bahati imezipa lugha mbili umbo lilelile. Hata hivyo, ndiyo inayotumiwa zaidi darasani.

3.0 Wanyama Hutoka Wapi?

Nahau za wanyama huzaliwa mahali ambapo watu na wanyama wanakutana. Za Kiingereza zimetoka kwa wingi katika zizi la kondoo wa sufu, banda la farasi, uwindaji wa mbweha kwa mbwa, na soko la nguruwe. Nyingine zimetoka katika Biblia na katika ngano zinazonasibishwa na Esopo wa Ugiriki ya kale. Mwingereza anaposema "fungu la simba" hajamwona simba akigawa nyama. Amerithi ngano ambamo simba anawinda na wenzake kisha anajitwalia mawindo yote.

Kwale ni mahali pengine. Jina lenyewe la kaunti ni jina la ndege: kwale, yule afananaye na kuku mdogo ambaye hukimbia vichakani. Kutoka baharini hupatikana pono, changu, tafi, taa, papa na pweza. Katika miti ya Diani huishi mbega, kima na tumbili, na nyani huwafuata mashambani. Katika Milima ya Shimba, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, wamo ndovu pamoja na palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma ambaye nchini Kenya huonekana huko tu. Uani kuna kuku, paka na mbuzi.

Lugha ya wenyeji nayo ina tabaka zake. Kuna Kidigo na Kiduruma, kuna Kichifundi cha upande wa Msambweni na Funzi, na kuna Kivumba cha Wasini na Vanga. H. E. Lambert alizichunguza lahaja hizi mbili za mwisho katika vitabu alivyochapisha mwaka 1957 na 1958. Mwanafunzi wa Msambweni haji darasani akiwa mtupu. Anakuja na wanyama wake.

4.0 Uchanganuzi wa Mifano

4.1 Mnyama asiyekuwa na kosa hapa

Turudi kwa kondoo. Katika jamii iliyofuga kondoo kwa ajili ya sufu, sufu nyeusi ilikuwa hasara kwa kuwa haikubali kutiwa rangi nyingine, na bei yake ilikuwa duni. Kondoo mweusi alikuwa doa katika kundi. Pwani ya Kenya hatufugi kondoo kwa sufu bali kwa nyama. Weusi wake haumpunguzii mwenye kondoo hata shilingi, na kondoo wa mwili mweupe na kichwa cheusi ni wa kawaida malishoni. Isitoshe, kondoo katika Kiswahili tayari ana sifa yake: ni mpole na mstahimilivu. Tunasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Kwa hiyo msikilizaji wa Msambweni anayeambiwa kwamba fulani ni kondoo mweusi anaweza kudhani anasifiwa kwa upole, au ametajiwa rangi ya ngozi. Hiyo si maana iliyokusudiwa.

Je, mwanafunzi alikuwa sahihi? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Samaki mmoja akioza huoza wote, na kila aliyebeba tenga la samaki juani anajua. Hata hivyo, methali hii inaongeza jambo ambalo nahau ya Kiingereza haina, nalo ni kuambukiza. Kondoo mweusi huaibisha ukoo wake bila kuwabadilisha wengine rangi, ilhali samaki aliyeoza huwaharibu walio karibu naye. Kuna msemo mwingine usemao kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Huu hauna maambukizi, lakini unaashiria mtu asiyekuwa wa jamii ile, aliyejichanganya tu, wakati kondoo mweusi ni mtoto wa nyumba. Mfasiri atachagua kulingana na muktadha, na pengine ataamua kusema waziwazi kwamba kijana huyo ndiye aliyeuaibisha ukoo wao. Jibu la mwanafunzi halikuwa kamili, lakini lilistahili alama. Jibu la mwongozo ndilo lililokuwa na upungufu mkubwa zaidi.

Farasi mweusi ni mfano wa aina hiyohiyo. Nahau hii, ambayo hutajwa katika riwaya ya Benjamin Disraeli ya mwaka 1831, ilitoka katika mashindano ya farasi, ambako farasi asiyejulikana na wacheza kamari aliwashangaza wote kwa kushinda. Kiini chake si rangi bali kutojulikana. Mtangazaji anayesema kwamba timu fulani ni "farasi mweusi wa mashindano" amevusha rangi na kuiacha maana. Angeweza kusema kwamba timu hiyo haikutiwa maanani na yeyote, na wasikilizaji wote wangemwelewa.

Mbwa naye ana hadhi mbili tofauti. Mwingereza humwita mtu aliyefanikiwa "mbwa mwenye bahati", na hakuna anayekasirika. Wakazi wengi wa pwani ya kusini ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito inayohitaji chombo kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Ukimwita mzee wa Diani mbwa, hata umwongezee bahati ya dunia nzima, umemtukana. Hapa tafsiri sisisi haiharibu mtindo tu; inavunja heshima.

4.2 Mnyama yupo, lakini asema jingine

Ndovu mweupe ni mfano ulio wazi zaidi. Mwingereza hulitumia jina hili kwa mradi wenye gharama kubwa usio na manufaa. Asili yake husimuliwa kwamba wafalme wa Siam, nchi iitwayo leo Thailand, walipotaka kumfilisi mtumishi wao walimtunuku ndovu mweupe. Mnyama huyo alikuwa mtakatifu, hakuweza kufanyishwa kazi wala kuuzwa, na kumlisha kulimmaliza mwenyewe.

Sasa mpeleke ndovu huyu Kwale. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na Milima ya Shimba na Mwaluganje wanamjua ndovu vizuri mno. Ni mnyama anayeingia shambani usiku na kuliacha limelala. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilianza kuwahamisha baadhi yao hadi Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi uwezo wa msitu. Kwa mkulima huyo, ndovu si mzigo aliotunukiwa na mfalme bali nguvu isiyomwomba mtu ruhusa. Methali zetu zinakubaliana naye. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Tena, tembo hashindwi na mkonga wake. Tazama mgongano huu: katika nahau ya Kiingereza ndovu ni mzigo unaomshinda mwenyewe, na katika methali ya Kiswahili ndovu ndiye mfano wa asiyeshindwa na mzigo wake.

Rangi nayo inaongeza utata. Weupe katika Kiswahili huambatana na usafi na nia njema, kama tunaposema moyo mweupe. Na mfasiri akiamua kutumia neno "tembo" badala ya ndovu, akumbuke kwamba tembo pia ni pombe ya mnazi, na kwamba pombe hiyo ni nyeupe. Kituo cha afya kilichojengwa kikakosa dawa na wauguzi hakihitaji kuitwa tembo mweupe mbele ya watu wanaokitegemea. Tuseme ni jengo lisilo na kazi, mradi uliomeza fedha za umma, na kila mlipakodi ataelewa amepoteza nini.

Mfano mwingine ni jamii ya nyani. Kiingereza cha kila siku kina neno moja kwa wanyama wengi wa aina hii wenye mkia, na nahau zake huwatumia kwa upuuzi na ujanja mdogo. Mtoto wa Diani hawezi kuridhika na neno moja, kwa maana mbega alaye majani juu ya mti hana makosa ya nyani anayeng'oa mahindi. Kiswahili kimezihifadhi tofauti hizo hata katika semi. Kumpelekea nyani kesi ya ngedere ni kumfanya mshtakiwa na hakimu wawe ndugu. Msemo huu hauna nguvu yoyote iwapo lugha haimtofautishi nyani na ngedere.

4.3 Wanyama tofauti, maana moja

Habari njema kwa mfasiri ni kwamba mara nyingi Kiswahili kimeshalifikiria jambo lilelile kwa mnyama mwingine. Mwingereza anayenunua kitu bila kukikagua "amenunua nguruwe ndani ya mfuko". Mswahili huyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Soko ni lilelile na ulaghai ni uleule, lakini nguruwe hangeweza kuuzwa katika masoko yetu mengi, na nafasi yake imeshikwa na mbuzi.

Mwingereza anayefichua siri "amemtoa paka mfukoni". Mswahili amemwaga mtama, na akimwaga penye kuku wengi hautazoleka tena. Msemo wetu hata una faida zaidi, kwa sababu unaeleza kwa nini siri hairudi: kila kuku amekwisha kudonoa punje yake.

Anayempa mwizi mali ailinde, kwa Kiingereza "amemweka mbweha alinde banda la kuku". Kwetu amemkabidhi fisi bucha. Na yule mnafiki ambaye Kiingereza, kwa kufuata Injili ya Mathayo, humwita "mbwa mwitu katika ngozi ya kondoo", Kiswahili kimempa jina la chui katika ngozi ya kondoo. Chui anajulikana na hata watoto wanamwogopa.

Aidha, zipo maana ambazo Kiswahili huzieleza kwa mnyama ilhali Kiingereza hakina mnyama. Chungu kinapoisuta sufuria kwa weusi wake, sisi tunasema nyani haoni kundule. Mwanafunzi anayefundishwa kutafuta mnyama kwa mnyama atazikosa semi hizi zote. Tunachotafuta ni maana, naye mnyama atafuata iwapo yupo.

4.4 Sura moja, maana mbili

Kundi la hatari zaidi ni lile ambalo umbo linafanana na maana zinapishana. Kiingereza kina machozi ya mamba, yaani machozi ya uongo, kutokana na imani ya kale ya Ulaya kwamba mamba hulia akimla mtu. Kiswahili kina machozi ya samaki, ambayo huishia majini. Mwanafunzi mwenye haraka anaweza kufikiri kwamba hizi ni semi pacha, kwa kuwa zote zina machozi na zote zina mnyama wa majini.

Lakini maana zake zinapingana. Machozi ya mamba ni ya uongo, na yanaonekana na wote. Machozi ya samaki ni ya kweli, na hayaonekani na yeyote. La kwanza ni sitiari ya mnafiki mwenye nguvu, la pili ni sitiari ya mnyonge asiye na wa kumsikia. Anayemwelezea mjane aliyepokonywa shamba kwa kusema kwamba machozi yake ni ya samaki anamwonea huruma. Akikosea akasema ni ya mamba, amemwita mwongo. Kosa la neno moja katika ripoti ya gazeti au katika baraza la mzee wa kijiji linaweza kumgeuza mdhulumiwa kuwa mdhulumu.

4.5 Mikopo iliyoota mizizi

Isidhaniwe kwamba tunapinga kila nahau iliyokopwa. Lugha hai hukopa. "Kuua ndege wawili kwa jiwe moja" imekubalika, na si vigumu kuona sababu: kila mtoto aliyewahi kushika manati anajua ugumu wa kumpata ndege hata mmoja. "Machozi ya mamba" yenyewe imezoeleka. "Mbuzi wa kafara" nayo imepata makao mazuri. Neno la Kiingereza kwa dhana hii lilibuniwa na William Tyndale mwaka 1530 alipokuwa akitafsiri kitabu cha Walawi, na kwa hiyo nahau hiyo ni zao la tafsiri hata huko ilikotoka. Ilipofika kwetu ilimkuta mbuzi, ikaikuta na kafara, na wala haikuhitaji maelezo.

Kigezo basi si asili ya nahau, bali ni iwapo jamii inayoipokea ina maarifa ya kuikaribisha. Nahau ikikuta maarifa hayo huota mizizi. Isipoyakuta hubaki ikikaririwa tu.

5.0 Hazina ya Bahari Isiyofunguliwa

Katika darasa lilelile nilipata funzo la pili. Nilikuwa nikifundisha tashbihi, nikasema kwamba mtu aliyelala sana amelala usingizi wa pono. Mwanafunzi mmoja wa kike akauliza iwapo nimewahi kumwona pono. Mimi ni mzaliwa wa bara, na nilikuwa nikidhani kwamba pono ni mnyama fulani mvivu wa msituni. Nilipolisema hilo darasa zima lilicheka, kisha wakanieleza kwa adabu: pono ni samaki wa kwenye matumbawe, mwenye mdomo kama wa kasuku, na usiku hulala mpaka mvuvi anaweza kumkaribia.

Baadaye nilisoma kwamba elimu ya viumbe inawaunga mkono. Baadhi ya spishi za pono hujifunika usiku kwa utando wa ute wanaoutoa mdomoni, wakalala ndani yake hadi asubuhi. Mwingereza hulala "kama gogo", naye gogo halilali wala haliamki. Tashbihi yetu imejengwa juu ya uchunguzi wa kweli, lakini maelfu ya wanafunzi huikariri bila kujua kwamba inazungumzia samaki.

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Wenye methali hii hueleza kwamba mkizi akikasirika huruka, na mara nyingine huangukia chomboni mwenyewe. Ndilo onyo bora kwa mtu anayejiponza kwa ghadhabu. Aliyekonda sana amekonda kama ng'onda, samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na hapo anasifiwa mtaalamu wa jambo lolote. Wakosaji wakubwa huitwa mapapa, na wadogo wanaokamatwa badala yao huitwa vidagaa. Tofauti ya ukubwa kati ya papa na dagaa haihitaji kufasiriwa kwa mtu aliyefika sokoni wakati mashua zinarudi.

Semi hizi hazikufichwa. Baadhi zimo katika mikusanyo ya tangu karne ya 19, na W. E. Taylor alichapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili mwaka 1891. Kinachokosekana darasani ni mtu wa kuziunganisha na kiumbe chenyewe. Mtu huyo mara nyingi ameketi dawati la nyuma, ana mjomba mvuvi, na hajaulizwa.

6.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia uchanganuzi huu, tunapendekeza mfasiri na mwalimu wajiulize maswali matatu. Kwanza, mnyama huyu anafanya nini katika nahau ya asili? Kondoo mweusi huaibisha, farasi mweusi hushangaza, ndovu mweupe hufilisi. Kitendo hicho ndicho cha kutafsiriwa. Pili, mnyama huyohuyo anasema nini katika Kiswahili na katika jamii ya wasomaji? Akisema lilelile, avushwe. Akisema jingine, aachwe. Tatu, ni nani au ni nini katika Kiswahili kinachofanya kitendo hicho? Jibu likiwa mnyama, vyema. Likiwa chombo, mti au maneno ya kawaida tu, pia ni vyema.

Kwa walimu, tunapendekeza mwongozo wa kusahihisha tafsiri uruhusu jibu zaidi ya moja, na mwanafunzi aombwe aeleze sababu ya chaguo lake. Maelezo hayo yapewe alama. Kwa watunzi wa kamusi, itafaa kila nahau ya mnyama iambatane na sentensi moja inayomweleza mnyama mwenyewe. Kwa wanafunzi wenzetu wa shahada za juu, kuna kazi kubwa ya uwandani inayongoja katika lahaja za Vumba na Chifundi na katika lugha jirani za Wamijikenda. Samaki wa matumbawe wanapopungua na mvuvi kijana anapokwenda kutafuta kazi mjini, maarifa yaliyoizaa nahau huondoka pamoja naye.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba nahau ya mnyama ni maarifa ya mahali yaliyofupishwa, na kwamba tafsiri sisisi huvusha jina la mnyama bila maarifa hayo. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili hakina ufukara katika uwanja huu. Kina mbuzi katika gunia, kuku penye mtama, pono katika matumbawe na tembo asiyeshindwa na mkonga wake. Ufukara uko katika mazoea yetu ya kuuliza Kiingereza kinasema nini kabla ya kuuliza sisi tunasema nini.

Mwanafunzi wa Msambweni alirudishiwa alama zake wiki iliyofuata, mbele ya darasa. Kondoo mweusi hana kosa lolote hapa kwetu. Kosa lilikuwa la mwalimu.